Kiyoyozi cha Inveta Chenye Gesi ya R-32: Tathmini ya Msimu Mzima wa Joto

Kiyoyozi ninachokitathmini hapa ni cha kufungwa ukutani, chenye uwezo wa BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), kompresa ya inveta, yaani pampu ya gesi inayoweza kubadilisha kasi yake, na gesi ya kupozea ya R-32. Nimekitumia katika chumba kimoja cha kulala tangu mwanzo wa msimu wa joto hadi mwisho wake, karibu kila usiku na mchana wa siku chache, nikikilinganisha na kiyoyozi cha zamani cha mwendo mmoja kilichokuwa kwenye ukuta huo huo kabla yake. Sitaji chapa, kwa sababu ninayotaka kuyasema yanahusu aina hii ya mashine, ambayo siku hizi inatengenezwa na viwanda vingi kwa muundo unaofanana sana. Aidha, nimeamua kuipima kwa kipimo ambacho sisi wanunuzi hatukizoei: pamoja na ubaridi na bili ya umeme, nimejiuliza kama hii ndiyo mashine ambayo nchi yenye joto linaloongezeka na miji inayopanuka kwa kasi ingepaswa kuiwekea mipango yake.

Swali hilo linamhusu kila anayeingia dukani. Shirika la Kimataifa la Nishati, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba dunia ilikuwa na viyoyozi vipatavyo bilioni 1.6, na kwamba mwendo ukiendelea kuwa ule ule vitafikia bilioni 5.6 ifikapo mwaka 2050. Tayari wakati huo viyoyozi na feni vilikuwa vikitumia takriban sehemu moja ya kumi ya umeme wote wa dunia. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatarajiwa katika nchi za joto ambako kaya nyingi hazijawahi kumiliki kiyoyozi hata kimoja, na ambako majengo mengi yatakayokuwapo katikati ya karne hii bado hayajachimbiwa misingi. Kwa hiyo uchaguzi wa mnunuzi mmoja, ukirudiwa na mamilioni ya wenzake, ndio unaoamua ni mitambo mingapi ya kuzalisha umeme italazimika kujengwa, na ni joto kiasi gani litamwagwa vichochoroni na sehemu za nje za mashine hizi kila usiku.

Nianze na utendaji wenyewe, ambao ni mzuri. Kiyoyozi cha zamani kilikuwa na mwendo mmoja tu: kompresa iliwaka kwa nguvu zote, ikazima chumba kilipofikia baridi iliyotakiwa, kisha ikawaka tena kwa kishindo joto liliporudi. Inveta haifanyi hivyo. Inabadilisha kasi ya kompresa kulingana na mahitaji, hivyo baada ya kukipoza chumba inateremka hadi mwendo mdogo na kubaki hapo kwa saa nyingi. Usingizi haukatizwi tena na mshtuko wa kompresa kuwaka, taa hazififii kila inapoanza, na ubaridi haupandi na kushuka. Mita ya umeme ilionyesha tofauti ya wazi tangu mwezi wa kwanza. Jambo ambalo sikulitarajia ni unyevunyevu. Mashine inayokwenda polepole muda mrefu inaendelea kuyakusanya maji ya hewani usiku kucha, ilhali ile inayozima kila baada ya dakika chache inakiacha chumba kikiwa baridi lakini kimejaa unyevu, mashuka yakiwa kama yameanikwa ukunguni. Ndiyo sababu nawasihi wanunuzi wasikubali kuuziwa mashine kubwa kuliko chumba kwa hoja ya kuwa na akiba. Muuzaji alinishawishi nichukue ya BTU 18,000, nami nilikataa baada ya kupima eneo la chumba, ukubwa wa madirisha na upande ambao jua la jioni linapiga. Mashine iliyozidi kipimo inapoza upesi mno, inazima kabla ya kuukausha unyevu, na kumfanya mtu aendelee kushusha digrii akidhani tatizo ni joto.

Hata hivyo, sifa hizo zote zilipungua katika wiki zile za joto kali zaidi, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo halimo katika kitabu cha maelekezo. Jioni za wiki hizo kompresa haikuteremka hata kidogo hadi usiku wa manane. Ilikwenda kwa nguvu zake zote, sawasawa na kile kiyoyozi cha zamani, kwa kuwa juu ya chumba kuna paa la zege lililoota jua kutwa nzima na ambalo lilianza kuushusha moto wake ndani hasa jua lilipokuwa limekwisha kutua. Inveta huokoa umeme wakati chumba hakihitaji nguvu zote; siku ambayo chumba kinazihitaji zote, faida yake kubwa huyeyuka. Na siku hiyo ndiyo ambayo kila nyumba ya mji imewasha kiyoyozi saa ile ile. Shirika lile la nishati limeeleza kwamba katika baadhi ya maeneo ya Mashariki ya Kati na Marekani, siku za joto kali, upozaji huchukua zaidi ya asilimia 70 ya umeme wa majumbani katika saa za mahitaji makubwa kabisa. Mitambo ya umeme na nyaya za mtaani hujengwa kwa ajili ya saa hizo chache, nazo hulipiwa mwaka mzima. Mashine inayosifiwa kwa wastani wake wa msimu inaweza basi kuwa rafiki wa bili yangu na bado ikawa mzigo kwa nchi jioni ile moja inayoangusha transfoma.

Katikati ya msimu niliamua kulipaka paa rangi nyeupe ya kuakisi jua, nikaweka kivuli cha nje kwenye dirisha la magharibi na kuirudisha kazini feni ya dari niliyokuwa nimeizima tangu kiyoyozi kifike. Rangi nyeupe iliyo safi huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua, ilhali zege lililopauka na kushika weusi wa masizi na kuvu humeza sehemu kubwa yake. Kivuli cha nje kina nguvu kuliko pazia la ndani, maana pazia hulizuia jua likiwa limekwisha kuvuka kioo. Feni nayo hutumia kiasi cha wati 50 hadi 75, wakati kiyoyozi cha ukubwa huu huvuta karibu kilowati nzima kinapokwenda kwa nguvu zote. Na kwa kuwa upepo wake huikausha ngozi, mwili huridhika na chumba chenye digrii mbili au tatu zaidi. Baada ya mambo hayo matatu kompresa ilianza kuteremka mapema jioni, na usiku mwingine sikuiwasha kabisa. Mpangilio sahihi ulikuwa paa kwanza, feni pili, mashine mwisho. Mimi niliufuata kinyumenyume, na nimelipia gharama yake kwa nusu ya msimu.

Mpangilio huo ndio uti wa mgongo wa mipango mizuri ya kitaifa ya upozaji ninayoifahamu. India ilizindua mpango wake mwezi Machi mwaka 2019, ukitazama miaka 20 mbele, na ukaweka lengo la kupunguza mahitaji yenyewe ya upozaji kwa asilimia 20 hadi 25 ifikapo mwaka 2037–38, kisha nishati inayotumika kupoza kwa asilimia 25 hadi 40, na mahitaji ya gesi za kupozea kwa asilimia 25 hadi 30, vyote vikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila mpango. Kutenganisha mahitaji na nishati katika malengo hayo ni jambo la busara kubwa. Kupunguza mahitaji ni kazi ya msanifu wa majengo, mwashi, mpaka rangi na mpanda miti. Kupunguza nishati ni kazi ya kiwanda na ya anayeandika viwango vya ubora. Nchi inayolenga mashine bora peke yake inafanya kosa nililolifanya mimi, ila yenyewe inalifanya kwa nyumba milioni kadhaa ambazo zitasimama miaka 50. Vilevile mpango unaohesabu viyoyozi pekee unawasahau walio wengi, ambao hawatakimiliki kiyoyozi katika muongo huu wala ujao. Kwa mtu anayelala chini ya bati jeusi, rangi nyeupe juu ya bati na feni isiyotumia umeme mwingi ndiyo sera ya upozaji itakayomfikia. Jiji la Ahmedabad nchini India, lililoandaa mpango wake wa kukabiliana na joto mwaka 2013 baada ya wimbi la joto lililoua watu wengi mwaka 2010, baadaye liliingiza pia kazi ya kupaka mapaa ya kaya maskini katika juhudi zake.

Narudi dukani, kwenye lebo. Lebo ya nishati iliyobandikwa kwenye mashine hii inaonyesha ufanisi wa msimu, yaani ubaridi wote unaotolewa katika msimu ukigawanywa kwa umeme wote uliotumika, na hicho ndicho kipimo kinachofaa kwa inveta kwa sababu kinahesabu saa za mwendo mdogo. Kipimo cha zamani, kinachoipima mashine ikiwa katika nguvu zote peke yake, kinaificha tofauti kati ya inveta na mashine ya mwendo mmoja. Tatizo ni kwamba nyota au herufi za lebo hazisemi lolote bila kujua kiwango chake kiliwekwa lini. Viwanda huboresha bidhaa, lebo isipohuishwa karibu kila mashine hupata daraja la juu, na mnunuzi hubaki akichagua kwa rangi ya plastiki. Tena, pale ambapo nchi haina kiwango cha chini kinachozuia mashine mbovu kuingia, mashine zilizokataliwa katika masoko mengine hupelekwa huko na kuuzwa kwa bei nafuu, halafu mnunuzi huilipa nafuu hiyo mara kadhaa kupitia mita. Ningependa kuona lebo zikionyesha pia umeme ambao mashine inauvuta siku ya joto kali kabisa. Mnunuzi angeelewa, na shirika la umeme lingepata takwimu linayoihitaji kuliko zote.

Sasa niseme kuhusu ufungaji, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyoniudhi na ndiyo inayostahili kusemwa kwa urefu. Fundi wa kwanza, aliyetumwa na duka, alimaliza kazi kwa muda mfupi sana. Aliunganisha mabomba ya shaba, akafungua kidogo valvu ya gesi ili gesi yenyewe ifukuze hewa iliyokuwa ndani ya mabomba, akakaza nati na kuondoka. Nilipomuuliza kuhusu pampu ya vakyumu, ile inayonyonya hewa na unyevu kutoka mabombani, alisema haina haja kwa mashine ndogo. Haja ipo, na ni kubwa. Hewa ikibaki ndani ya mfumo hupandisha shinikizo na kuilazimisha kompresa kufanya kazi zaidi. Unyevu ukibaki huungana na mafuta ya kompresa na kuyaharibu polepole, hata mashine iliyotengenezwa idumu miaka mingi ife katika miaka michache. Zaidi ya hayo, gesi ya R-32 inaweza kushika moto, ingawa si kwa wepesi, hivyo kuipuliza ovyo karibu na cheche ni kuhatarisha nyumba. Katika wiki ya tatu chumba kilianza kuchelewa kupoa. Fundi yule yule alirudi na kuniambia gesi imekwisha, inafaa kuongezwa.

Kauli hiyo ya gesi kwisha husikika kila mahali, nami naomba wasomaji waikatae kila waisikiapo. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa gesi, na haipungui isipokuwa kuna tundu. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kulipia uvujaji mwingine. Nilimtafuta fundi mwingine, mwenye mafunzo ya gesi zinazoshika moto, naye alifanya kazi ya karibu nusu siku: alinyonya gesi iliyobaki na kuiweka katika mtungi, akajaza naitrojeni kavu kwa shinikizo na kupaka povu la sabuni kwenye viungo, akaliona tundu katika mdomo wa bomba uliopanuliwa vibaya, akaukata mdomo huo na kuupanua upya, akawasha pampu ya vakyumu na kuisubiri geji itulie, kisha akapima gesi mpya kwa mizani hadi uzito ulioandikwa kwenye kibao cha mashine. Tangu siku hiyo mashine haijanisumbua. Tofauti kati ya mafundi hao wawili ilikuwa kubwa kuliko tofauti yoyote niliyoiona kati ya chapa na chapa katika duka, lakini hakuna lebo inayoionyesha.

Ndiyo maana kati ya vifungu vyote vya mpango ule wa India, ninachokiheshimu zaidi ni kile kilichowalenga mafundi 100,000 kupewa mafunzo na vyeti ifikapo mwaka 2022–23. Mafundi wengi wa viyoyozi katika nchi za joto wamejifunza kwa kumtazama fundi mwingine, na hulipwa kwa idadi ya mashine walizofunga kwa siku. Ukimlipa mtu kwa idadi, pampu ya vakyumu inakuwa adui wa kipato chake. Kumpa cheti bila kubadilisha namna anavyolipwa hakutatosha. Angalau dhamana ya mashine ifungwe na rekodi ya geji iliyopigwa picha siku ya ufungaji, ili duka lenyewe lisiwe na faida ya kuharakisha.

Katika matumizi ya kila siku sina mengi ya kulalamikia. Filta hutoka kwa urahisi na zinafaa kuoshwa kila baada ya wiki mbili katika msimu wa vumbi. Sehemu ya nje haina kelele za kumuudhi jirani. Rimoti inateremka hadi digrii 16, jambo ambalo kwa maoni yangu halina maana katika chumba cha kulala, na mashine ilipotoka kiwandani ilikuwa imewekwa katika baridi kali kuliko inavyohitajika. Tangu Januari 2020 India inataka viyoyozi vya vyumbani vyenye lebo ya nyota vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa digrii 24, na mtu akitaka chini ya hapo ashushe mwenyewe. Ofisi ya ufanisi wa nishati ya nchi hiyo inakadiria kwamba kila digrii moja inayopandishwa huokoa takriban asilimia 6 ya umeme. Mimi nililala vizuri kwa digrii 26 pamoja na feni, na hakuna mgeni aliyeomba ishushwe.

Kuhusu gesi, R-32 ni hatua nzuri ambayo bado ina safari mbele yake. Kilo moja ya R-410A, iliyotawala viyoyozi vya kizazi kilichotangulia, ikivuja hulipasha joto anga kama kilo 2,088 za kaboni dioksaidi kwa kipimo cha miaka 100. R-32 ni kama kilo 675, na mashine huhitaji kiasi kidogo zaidi cha gesi hiyo. R-290, ambayo ni propani iliyosafishwa, haifiki hata kumi kwa kipimo hicho hicho, lakini hushika moto kwa wepesi na inadai fundi makini zaidi na chumba kisicho kidogo mno kwa kiasi cha gesi kilichomo. Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, yaliyokubaliwa tarehe 15 Oktoba 2016 na kuanza kutumika mwaka 2019, yanazitaka nchi zinazoendelea kupunguza gesi za jamii hii hatua kwa hatua: kundi kubwa la nchi hizo lilipaswa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, na kufikia mwaka 2045 liwe limepunguza kwa asilimia 80. Kiyoyozi kinachonunuliwa leo kitahitaji gesi ya matengenezo ndani ya ratiba hiyo, kwa hiyo anayenunua sasa mashine ya R-410A kwa sababu ya punguzo la bei ajue kwamba gesi yake itaendelea kuadimika na kupanda bei. Kama ningepata mashine ya R-290 iliyo sawa na hii, pamoja na fundi kama yule wa pili, ningeichagua hiyo.

Limebaki suala la kiyoyozi cha zamani. Duka lililoniuzia kipya lilikubali kukichukua kile cha zamani, lakini nilipouliza gesi iliyomo itapelekwa wapi sikupata jibu, nami najua kinachotokea kwa kawaida: bomba hukatwa kwa msumeno ili shaba iuzwe, na gesi yote hutoka hewani kwa dakika moja. Gesi hiyo ilikuwa R-22, ambayo kilo yake moja ni kama kilo 1,810 za kaboni dioksaidi na inayoharibu tabaka la ozoni pia. Fundi wa pili alikubali kuinyonya bila malipo, akaipima na kuiandika katika daftari lake pamoja na tarehe. Alinionyesha mitungi mitatu iliyojaa gesi chakavu aliyoikusanya kutoka kwa wateja wake kwa muda mrefu, kila mmoja ukiwa na karatasi yenye jina la gesi na uzito. Hana kituo cha kuipeleka ikasafishwe wala kuteketezwa, na kila mtungi uliojaa ni mtungi ambao hawezi kuutumia kazini. Ameipanga kivulini nyuma ya karakana yake, anaikagua valvu zake kila Jumamosi, na sasa anatafuta mtungi wa nne.